Macho yanayowaka usiku na homa ya mabomba meupe: jibu kwa kijana wa Tabata

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, huu ni mwezi wa saba najifunza kuchomelea kwenye karakana ya mjomba wangu hapa Tabata. Tunatengeneza mageti, nondo za madirisha na stendi za matangi ya maji. Huwa navaa miwani myeusi ya jua. Usiku mara nyingi macho yanawaka kama yametiwa mchanga, nashindwa kulala. Halafu wiki mbili zilizopita tulichomelea mabomba meupe siku nzima. Usiku nikashikwa na homa na baridi kali, kufikia kesho yake jioni nikawa mzima kabisa. Mjomba anasema ninywe maziwa, nitazoea. Ni kweli? Na kama nina hela ya kununua kifaa kimoja au viwili tu, nianze na nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umeuliza mwezi wa saba, maana wengi huja kuniuliza mwaka wa kumi na saba. Nimefundisha kazi hii muda mrefu, na kabla ya kufundisha niliifanya kwenye karakana za mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa hiyo "utazoea" nimeambiwa sana, na mimi mwenyewe niliwahi kuwaambia vijana wengine. Naomba tulichambue hilo neno kwanza.

Cheche ikikudondokea kwenye kidole cha mguu unaruka palepale. Ukishika chuma cha moto unakiachia. Hizo ni hatari zinazojitangaza, na ndiyo maana kila fundi anazijua. Mambo mawili uliyoniandikia hayako hivyo. Mwanga na moshi havikuumizi wakati vinakuingia. Unamaliza geti, unaoga, unakula ugali wako vizuri, halafu saa nne usiku mwili unaleta hesabu. Mtu anayepima usalama wake kwa kuangalia kama anaumia sasa hivi atakuwa anachelewa kila siku.

Tuanze na macho. Mwali wa kuchomelea una joto la maelfu ya nyuzi, na hutoa mwanga unaouona pamoja na miale miwili usiyoiona: ya joto, na ile ya urujuanimno, ndugu wa miale inayobabua ngozi juani. Hiyo ya urujuanimno huunguza utando wa juu wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Chembe zilizoungua hazidondoki hapohapo. Huchukua kama saa 6 hadi 12 kufa na kubanduka, na zikibanduka mishipa ya fahamu iliyo chini inabaki wazi. Kila unapopepesa, kope inasugua kidonda. Mchanga unaousikia ndio huo, na haumo jichoni hata punje, kwa hiyo usifikiche.

Miwani ya jua inakudanganya kwa namna mbili. Inapunguza ukali wa mwanga kidogo tu, kiasi cha kukufanya ustahimili kuutazama kwa muda mrefu zaidi. Na inaacha wazi pembeni, juu, mashavu na shingo. Giza la vioo vya kuchomelea hupimwa kwa namba, na miwani ya jua ya kawaida haifiki hata namba 4. Kwa rodi, yaani vijiti vya kuchomelea, mnazotumia nyinyi, za milimita 2.5 na 3.2, mashine ikiwa kati ya ampea 60 na 130 hivi, kioo kisipungue namba 10. Namba 11 ni nzuri zaidi ukipandisha moto. Namba 5 ni ya kukata kwa gesi. Ukikiona kwa bei nafuu usikichukue kwa kazi ya umeme. Namba huwa imechapwa pembeni mwa kioo. Kisicho na namba kirudishe. Mbele ya kioo cheusi weka kioo cheupe cha kukinga matone ya chuma, maana hicho cheupe ni rahisi kubadilisha. Kioo cheusi kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, kazi yake imekwisha.

Sasa nikuambie jambo nililoliona karakana baada ya karakana. Wanaoungua macho zaidi mara nyingi si walioshika rodi. Ni saidia fundi, yule anayeshikilia skwea paipu (bomba la pembe nne) ikae sawa wakati fundi anaishikiza kwa nukta mbili tatu. Fundi anasema "funga macho", yeye anafumba nusu sekunde baada ya mwali kuwaka. Fanya hivyo mara mia kwa siku. Hata fundi mwenyewe, kwa kuwa ni nukta moja tu, huona uvivu kushusha ngao ya uso. Kwa hiyo kama mjomba ana kioo kizuri na wewe unashikilia chuma ukiwa na miwani ya jua, nimeshaelewa kwa nini unakesha. Tena mwanga huu hurudi ukigonga ukuta mweupe au bati jipya, unaweza kukupata hata ukiwa umempa mgongo.

Macho yakishaungua, kaa penye giza, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, meza panado. Kwa kawaida kidonda hufunga ndani ya siku moja hadi mbili. Vipande vya kiazi, majani ya chai, maziwa ya kudondoshea machoni: viache. Ubaridi wa kiazi unatuliza, lakini hata kitambaa kina ubaridi, na kitambaa safi hakiingizi vijidudu kwenye kidonda. Nakuomba sana pia usitafute yale matone ya ganzi ambayo mafundi hupeana. Yanaondoa maumivu kweli, lakini ukiyarudia yanazuia konea isipone, na kuna watu wameharibu macho kwa dawa iliyowapa usingizi. Ukungu usipoondoka baada ya siku mbili, au likiwa linauma jicho moja tu, nenda kliniki ya macho, CCBRT kule Msasani au Muhimbili. Jicho moja mara nyingi maana yake ni kipande cha chuma kutoka kwenye grenda, ile mashine ya diski ya kukata na kusaga chuma. Kipande hicho hushika kutu ndani ya konea kwa muda mfupi sana, kwa hiyo hicho ni cha kwenda siku hiyohiyo. Usikubali mwenzako akutoe kwa njiti ya kiberiti.

Kuhusu homa, nilitabasamu kwa huzuni nilipoisoma, maana imenipata. Nikiwa kijana tulipewa kazi ya reli za ngazi za mabomba meupe. Kwa wiki kadhaa kila Jumatatu usiku nilitetemeka chini ya blanketi, mdomo una ladha ya sarafu, viungo vinauma. Nikanunua dawa za malaria dukani bila kupima, nikameza, kesho yake nikapona, nikasema dawa ni nzuri. Jumatatu iliyofuata hivyo hivyo. Mzee mmoja wa jirani ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Mbona malaria yako inajua siku?"

Weupe wa bomba ni zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe kinahitaji karibu nyuzi 1,500 ndipo kiyeyuke. Maana yake, kabla chuma hakijalegea ili ukiunge, zinki ilishachemka na kuwa moshi. Ule moshi mweupe mzito, na zile nyuzinyuzi kama pamba zinazoelea, ndiyo zinki iliyoungana na hewa. Ukiivuta, mapafu yanaipokea kama shambulio, na baada ya saa 4 hadi 10 mwili unapandisha homa. Ndani ya siku moja au mbili inaisha yenyewe.

Hapa mjomba ana nusu ya ukweli. Mwili huzoea moshi wa zinki kwa siku chache: Jumanne homa ni ndogo, Jumatano huisikii. Lakini ukipumzika Jumapili, mazoea yanafutika, na Jumatatu unaanza upya. Ndiyo maana mafundi wa nchi nyingi huiita homa ya Jumatatu. Kuzoea huko ni kunyamaza kwa dalili tu. Moshi unaendelea kuingia. Na maziwa hushuka tumboni, moshi uko kwenye mapafu, hawakutani. Kunywa maziwa kwa kuwa ni chakula kizuri, usiyanywe kama kinga.

Ila nisikupotoshe upande wa pili. Tuko Dar es Salaam. Ukipata homa, pima malaria, hata kama jana yake ulichomelea mabomba meupe. Kipimo cha kidole hakichukui hata nusu saa. Mweleze daktari kazi uliyofanya na saa uliyoifanya, kwa sababu asipojua hataifikiria. Na ukisikia kifua kinabana au pumzi fupi, usisubiri ipite kama homa ya zinki. Boliti na vipande vya mashine za zamani vinaweza kuwa vimepakwa kadimiamu, metali nyingine ambayo kwa macho yafanana na zinki, na moshi wake unaweza kuua.

Dawa ya moshi ni kutouvuta, na hilo linawezekana hata kwenye karakana ya bati. Ukiweza kumshawishi mteja, tumieni bomba nyeusi halafu mpake rangi. Ikibidi bomba nyeupe, ondoa zinki kwa grenda sentimita 3 hadi 5 kila upande wa kiungo, ukiwa na barakoa. Kisha tazama upepo. Sisi wa pwani tumepewa bahati ambayo fundi wa nchi za baridi hana: kazi tunaifanya nje, na alasiri upepo wa bahari unaingia. Wakati wa kusi unatoka kusini, kaskazi ukifika unageuka. Panga meza ili upepo ukupite ubavuni. Ukikupiga mgongoni, moshi huzunguka na kujikusanya mbele ya kifua chako, papo hapo unapopumulia. Siku isiyo na upepo, feni ya kawaida iliyowekwa ubavuni inafanya kazi hiyo. Na usiinamie kazi. Moshi unapanda wima, kwa hiyo kichwa kilicho juu kabisa ya rodi kinaumeza wote.

Na si zinki peke yake. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka moshi wa kuchomelea wa aina zote katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Na miale ya urujuanimno inayotoka kwenye mwali huu iliwekwa kundi hilohilo. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu, moshi wake ni mbaya kuliko wa chuma cheusi. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii moshi huu. Tafuta iliyoandikwa P2 au N95, ikae vizuri chini ya kofia ya kuchomelea bila upenyo puani. Na kama chuma kimesafishwa kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki, usikiguse na moto mpaka kiwe kikavu kabisa. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na mwali huzaa gesi ya sumu inayoitwa fosijini.

Hukuuliza kuhusu mapipa, lakini unatengeneza stendi za matangi. Siku moja mteja ataleta pipa au tenki la pikipiki linalovuja, aseme "fundi, ni nukta moja tu, na limeoshwa". Hapo ndipo ninapokuomba uwe mkaidi. Petroli ya maji hailipuki ikiwa imejaa ndani ya chombo. Kinacholipuka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na inatosha mvuke uwe kama asilimia 1.4 tu ya hewa hiyo. Kwa hiyo pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa. Sabuni na maji haviingii kwenye mikunjo ya mshono, na mafuta yaliyojificha mle, hata dizeli, hata mafuta ya kula yaliyoganda, hugeuka mvuke rodi inapopasha bati. Nimeona mfuniko wa pipa lililooshwa mara mbili ukipasua paa la karakana na kuangukia uwanja wa pili. Aliyekuwa amelishika alikuwa kijana wa umri wako, na hakurudi kazini.

Mafundi waliobobea hujaza chombo maji mpaka karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, mfuniko ukiwa wazi, ili pasibaki nafasi ya mvuke. Wewe bado unajifunza, kwa hiyo kazi hiyo ikatae, na mjomba akikasirika, akasirike. Kanuni hiyohiyo inahusu skwea paipu iliyozibwa pande zote mbili: toboa tundu dogo kabla ya kuiunga, maana maji au hewa iliyofungwa ndani ikipata moto inatafuta njia ya kutokea.

Umeme nitauzungumzia kwa ajili ya jasho. Mashine ikiwa imewashwa na rodi haijagusa chuma, huwa na volti 50 hadi 80 hivi kwenye kishikio. Kwa mtu mkavu aliyevaa buti, hiyo humshtua tu. Kwa mtu wa Februari, shati limelowa, glovu zimelowa, amekaa juu ya chuma anachokichomelea, inaweza kusimamisha moyo. Badilisha rodi ukiwa na glovu kavu, weka ubao mkavu au kipande cha mpira chini ya miguu, na kama ardhi imelowa kwa masika, simamisha kazi. Upande wa kuingilia umeme una volti 230, na huko ndiko ninakoogopa zaidi, hasa kwa mashine ambazo mafundi huzisuka nyaya wenyewe. Bodi yake lazima iwe na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Ile tabia ya kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti imeshaua watu. Nunueni plagi. Kibanio cha kurudishia umeme kibane kwenye kazi yenyewe, karibu na unapochomelea, na si kwenye nguzo ya karakana.

Grenda: usiondoe kava. Najua kwa nini linaondolewa, ni ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo. Diski ya inchi 9 imetengenezwa kuzunguka kama mara 6,600 kwa dakika, na grenda ndogo huzunguka 11,000. Ikipasuka, vipande vyake huruka kwa kasi ya kutisha. Na uwe umevaa miwani myeupe, kila mara.

Sasa hela yako. Cha kwanza ni kofia ya kuchomelea ya kuvaa kichwani yenye kioo namba 11. Usichukue ngao ya kushika mkononi, kwa sababu saidia fundi anahitaji mikono miwili na anayeshika ngao huiweka chini. Siyo lazima iwe ile ya kujitia giza yenyewe. Cha pili ni glovu za ngozi ndefu. Miwani myeupe ya grenda na barakoa mbili tatu za P2 zifuate kwenye mshahara unaofuata, na mpaka zipatikane, kazi za mabomba meupe zifanyike upepo ukiwa ubavuni tu.

Nguo zitafute mitumbani, soko la Karume: shati zito la pamba au jinzi la mikono mirefu, suruali isiyokunjwa chini, maana mkunjo hukusanya cheche, na buti za ngozi. Polista huyeyuka na kugandana na ngozi. Kandambili hapana. Utaniambia joto, na una haki, joto la Dar ni hoja ya kweli na wanaotuandikia kanuni kutoka mbali hawaijui. Jibu lake ni saa. Anzeni saa 12 asubuhi, saa za jua la utosi mfanye vipimo na kupaka rangi kivulini, na maji ya kunywa yasikae mbali.

Mengine ni ya bure. Bati kuukuu au turubai zito lisimame upande wa barabara, kwa sababu watoto wakitoka shule husimama kutazama na hawana kioo chochote. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Cheche huweza kufika mita 10, kwa hiyo magodoro, maranda ya mbao na makopo ya rangi yasogezwe mbali. Mkimaliza kuchomelea, mtu mmoja abaki nusu saa kabla ya kufunga. Moto wa maranda hauwaki, unanyemelea. Namba ya zimamoto ni 114, iandikeni ukutani kwa chaki.

Kwa mjomba, usiende na jibu langu kama hati ya mashtaka. Ni kweli sheria iko upande wako: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inampa mwajiri jukumu la kutoa vifaa kinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Mweleze kwa heshima, wakati mnakunywa chai, si mbele ya mteja. Mpigie hesabu ya siku ulizoshindwa kuja kazini kwa sababu ya macho. Muulize pia kama yeye hupata homa za Jumatatu. Wakubwa wetu wengi walifundishwa na watu waliowaambia watazoea, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kuhusu zinki.

Na kama unasoma haya macho bado yanawaka, kesho usishike chuma kinapochomelewa. Mwambie utapaka rangi mageti yaliyokwisha, nyuma ya ukuta, mbali na mwanga. Keshokutwa asubuhi ziba jicho moja usome maandishi ya daladala inayopita, kisha ziba la pili. Ukiona ukungu kwenye lolote, pitia kliniki ya macho kabla ya kwenda karakana.